Mcheza kwao hutunzwa: Busia na Tororo zipate ligi ya kikapu ya vyuo

Mfanyabiashara wa Busia hahitaji mchumi wa kumweleza tofauti ya gunia la mahindi na pakiti ya unga. Gunia huvuka mpaka kwa bei ya siku hiyo, na mara nyingi anayepanga bei ni mnunuzi. Unga hurudi ukiwa na chapa na bei yake, na anayeutaka hulipa. Kati ya gunia na pakiti ipo mashine ya kusaga, na mwenye mashine ndiye anayebaki na faida.

Hali ni hiyo hiyo kwa vipaji vya mpira wa kikapu vya Afrika Mashariki. Vijana warefu, wepesi na wenye bidii wapo hapa. Mashine ya kuwaongezea thamani iko kwingine, nayo inaitwa chuo kikuu.

Mifano si ya kutafuta kwa tochi. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akaichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kuanzia mwaka 2006. Mwezi Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA mwaka huo. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, lakini alilelewa Uganda, mtaani Kawempe jijini Kampala. Alipitia kituo cha kukuza vipaji cha NBA huko Saly, Senegal. Mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, akaichezea Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Duke. Msimu mmoja ulitosha. Mwezi Juni 2025 alichaguliwa wa 10 na kuishia Phoenix Suns.

Mfano wa tatu uko jirani zaidi. Madina Okot anatoka Mumias, mji ulio kwenye barabara ya Busia kwenda Kakamega, ambayo wafanyabiashara wengi wa mpakani wanaijua kwa matuta yake. Okot aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech nchini Kenya. Mwaka 2024 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina, chuo ambacho timu yake ya wanawake chini ya kocha Dawn Staley ilitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2017, 2022 na 2024.

Kati ya hao watatu, Okot ndiye aliyepita kwanza katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki. Kwake, mashine ndogo ya nyumbani ilifanya kazi ya awali kabla ya mashine kubwa kumpokea. Hapo ndipo penye somo kwa Busia na Tororo.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vya Marekani vina fedha ambazo mpaka huu hautaziona hata kwa miaka 100. Ni kweli kwa hesabu ya leo. Lakini historia ya timu ya Duke, iliyomchukua kijana wa Kawempe, inaonyesha kwamba mashine hizo hazikuzaliwa kubwa.

Mchezo wenyewe ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika shule ya YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Alihitaji mchezo wa ndani wakati wa baridi, akatundika vikapu viwili vya kubebea matunda ya pichi. Miaka 15 hivi baadaye, Machi 1906, chuo kidogo kilichoitwa Trinity katika mji wa Durham, North Carolina, kilicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya chuo jirani cha Wake Forest. Trinity kilifungwa 24 kwa 10. Chuo hicho ndicho Duke ya leo.

Durham ulikuwa mji wa biashara ya tumbaku. Trinity kilihamia hapo mwaka 1892 kwa msaada wa wafanyabiashara wa mji huo, mmoja wao akiwa Washington Duke. Mwaka 1896 mzee huyo alikipa chuo dola 100,000 kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe kwa usawa na wanaume. Mwaka 1924 mwanawe, James B. Duke, aliunda mfuko wa dola milioni 40, chuo kikawa sehemu ya wanufaika wake, na jina likabadilika. Kwa maneno mengine, nyuma ya timu inayotazamwa na dunia nzima walikuwapo watu waliopima mizigo, waliolipa ushuru na waliogombana na wateja kuhusu bei.

Jambo la pili ni jirani. Mwaka 1920 Trinity kilikutana kwa mara ya kwanza na Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, kilomita 16 hivi kutoka Durham, nacho kikapoteza. Tangu hapo vyuo hivyo viwili vimekutana kila mwaka, nyumbani na ugenini. Hakuna kati yao ambacho kingekuwa kilivyo leo bila mwenzake wa karibu wa kukihangaisha. Wapinzani waliokaa umbali wa safari ya saa moja ndio waliokuza mchezo, maana nauli ilikuwa ndogo na mashabiki waliweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

La tatu ni subira. Kocha Mike Krzyzewski alipoanza kazi Duke mwaka 1980, msimu wake wa pili ulikuwa wa kushinda mechi 10 na kupoteza 17, na wa tatu wa kushinda 11 na kupoteza 17. Wengi walitaka aondoke. Chuo kilimwacha aendelee. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1991, ukafuatwa na mingine minne hadi 2015. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa amekaa miaka 42.

Historia hiyo ina doa lake pia. Duke haikupokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hadi mwaka 1963. Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyekuja kuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, na baadaye Maluach, wamepita katika mlango uliokuwa umefungwa kwa watu wa rangi yao.

Mwaka huo huo wa 1963, Afrika Mashariki ilikuwa ikifungua mlango wake. Juni 29, 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Kazi ziligawanywa: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Mkenya aliyekwenda Kampala kwa treni kusomea udaktari alipita Malaba na Tororo, kwenye reli ile ile inayobeba mizigo ya wasomaji wa gazeti hili.

Muungano huo ulidumu miaka saba. Mwaka 1970 uligawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu vya nchi tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, biashara ilirudi kwa hatua: umoja wa forodha mwaka 2005, soko la pamoja mwaka 2010, na Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta wakazindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani hapa Busia. Vyuo navyo vilirudishiwa meza ya mazungumzo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Mahindi, mayai, nguo na simiti vina karatasi za kuvukia. Shahada zina baraza lake. Kilichochelewa ni michezo ya vyuo.

Hebu itazamwe ngazi ambayo kijana wa ukanda huu anapanda. Akiwa sekondari, yapo mashindano ya kila mwaka ya shule za Afrika Mashariki, na kikapu ni mmoja wa michezo yake. Mwaka 2024 yalifanyika mashariki mwa Uganda, na mwaka 2025 yakafanyika Kakamega. Watoto wa pande zote mbili walikutana karibu na mpaka huu. Juu kabisa ya ngazi ipo Ligi ya Kikapu ya Afrika, ambayo City Oilers ya Uganda ilicheza mwaka 2023 na 2024, na Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuifikia mwaka 2025. Timu za taifa nazo zimepanda. Kwenye Kombe la Afrika la 2021 mjini Kigali, Uganda ilifika robo fainali, na Kenya ilirudi baada ya kukosekana kwa miaka 28.

Katikati ya ngazi ndipo penye pengo. Ndani ya Uganda, timu za vyuo kama UCU Canons ya Mukono, KIU Titans na Kyambogo Warriors hucheza ligi ya taifa. Ndani ya Kenya, Strathmore, USIU na Zetech hufanya hivyo hivyo. Lakini ligi hizo huishia mpakani. Michezo ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ipo, nayo ni ya kupongezwa, ila ni mashindano ya siku chache. Mchezaji hakui kwa wiki moja ya mashindano. Hukua kwa mechi za kila wikendi, dhidi ya watu anaowajua, mbele ya watu wanaomjua.

Hapa ndipo Busia na Tororo zinapoingia. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko wilaya ya Busia upande wa Uganda, kando ya barabara kuu ya kutoka Jinja, na kampasi yake ya Nagongera iko wilaya ya Tororo. Upande wa Kenya, nje kidogo ya mji wa Busia kwenye barabara ya kwenda Malaba, kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa tawi la Moi hadi kilipopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Ukipanua duara kidogo, unakuta Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale tangu 1988, kampasi ya UCU hapo hapo Mbale, Kibabii kule Bungoma, Masinde Muliro kule Kakamega, na Maseno kwenye barabara ya Kisumu. Lori la mchele lingevizunguka vyuo hivyo vyote kwa siku chache bila dereva kulalamika.

Kwa hiyo Durham na Chapel Hill za Afrika Mashariki tayari zipo. Zinahitaji ratiba.

Gazeti hili linapendekeza ligi ya kikapu ya vyuo vya mpakani, ya wanaume na ya wanawake, ichezwe nyumbani na ugenini katika mihula ya masomo, si mara moja kwa mwaka. Ianze na vyuo vinne vinavyoweza, na vingine vijiunge vikiwa tayari. Kikapu kinafaa kuanza nacho kwa sababu ni mchezo wa gharama ndogo. Uwanja ni sakafu ya mita 28 kwa 15, na pete mbili zilizofungwa mita 3.05 kutoka chini. Timu ina wachezaji 12. Pamoja na kocha na daktari, wote wanaenea kwenye basi dogo moja, na usiku wanalala vitandani kwao.

Swali la mfanyabiashara ni halali: haya yananihusu nini, wakati soko langu linavuja na choo kimejaa? Hakuna anayesema uwanja utangulie choo. Serikali ya kaunti na ile ya wilaya zina wajibu wao wa masoko, na wajibu huo haubadilishwi kwa tamasha la michezo. Lakini zipo sababu tatu za mfanyabiashara kuitazama ligi hii kama biashara yake.

Ya kwanza ni wateja. Siku ya mechi ni siku ya soko. Watu mia chache wanaotoka ng'ambo wanahitaji bodaboda, maji, chapati, rolex, vocha za simu na mahali pa kubadilishia shilingi moja kwa nyingine. Mechi za nyumbani na ugenini zinapeleka wateja hao upande mmoja wikendi hii na upande wa pili wikendi ijayo. Hakuna mji unaobaki ukitazama mwenzake akiuza.

Ya pili ni watoto. Wengi wa wafanyabiashara wadogo wa mpaka huu ni wanawake, na ada ya chuo ndiyo mzigo unaomaliza mtaji wao kuliko ushuru wowote. Chuo kinachotoa ufadhili kwa wachezaji kinampa mama huyo njia ya pili. Ukweli lazima usemwe: ni wachache mno watakaofika NBA, na mzazi asidanganywe kwamba urefu wa mwanawe ni tiketi ya ndege. Faida kubwa ni ya wale mamia ambao hawatafika popote kwa mpira, bali watatoka na shahada ya kilimo, ualimu au uhandisi iliyolipiwa na mpira. Sharti la Washington Duke la mwaka 1896 lifuatwe hapa pia: nafasi za ufadhili zigawanywe sawa kati ya wasichana na wavulana.

Ya tatu ni mpaka wenyewe. Anayevusha mzigo kila siku anajua kwamba sheria ya Jumuiya husomeka vizuri Arusha na husomeka vingine mbele ya afisa mchovu saa kumi jioni. Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu uliorahisishwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kila basi la wanafunzi litakalovuka kwa haki hizo, wiki baada ya wiki, litawazoesha maafisa kuona kuvuka kuwa jambo la kawaida. Vijana hao ndio watakaokuwa maafisa wa forodha, mawakala na wenye maduka ya kesho. Aliyewahi kula chakula cha jioni Nagongera baada ya kufungwa hapo hatamwita Mganda mgeni.

Yapo mambo manne ya kufanya, na kila moja lina mwenyewe.

Vyuo vikae pamoja vipange ratiba, na vikubaliane kwamba mchezaji ni mwanafunzi kwanza. Anayeshindwa masomo akae benchi. Vikubaliane pia kutonyang'anyana wachezaji katikati ya mwaka, maana ligi nyingi changa hufa kwa ugomvi huo kuliko kwa ukosefu wa fedha.

Mamlaka za mpakani zikubali orodha moja ya timu kwa msimu mzima, ikaguliwe kwenye kituo cha pamoja bila kila kijana kuanza upya kila Jumamosi. Mipira, jezi na dawa za timu zinazokwenda na kurudi zisihesabiwe kuwa bidhaa. Mpira uliochakaa hauna soko upande wowote.

Baraza la Vyuo Vikuu liitambue ligi hiyo na kuiingiza kwenye kalenda yake. Maazimio ya eneo moja la elimu ya juu yatapata miguu siku mwanafunzi atakapoyaona uwanjani.

Nao wafanyabiashara, kupitia vyama vyao vya mpakani, wasingoje kuombwa. Hakuna anayewadai dola milioni 40. Chama cha wauza nafaka kinaweza kubeba ada ya mchezaji mmoja kwa mwaka. Wenye mabasi wanaweza kutoa safari moja kwa mwezi. Wauza simiti wanaweza kutengeneza sakafu iliyopasuka. Malipo yao yawe jina kwenye jezi na nafasi ya kuuza uwanjani, na hesabu zisomwe hadharani kila mwisho wa msimu, kwa Kiswahili, lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Mchango usio na hesabu hutolewa mara moja tu.

Busia haina sababu ya kujidharau. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walianza kubeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka huu, wakiita "boda, boda". Hakukuwa na wizara iliyowatuma wala mfadhili aliyewaandikia mradi. Leo bodaboda ni ajira na usafiri wa Afrika Mashariki yote, na neno hilo limevuka mipaka mingi kuliko lori lolote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa ukanda huu wamecheza ugenini, na ugenini wametunzwa vizuri. Hakuna haja ya kuwazuia wanaoondoka, kama ambavyo hakuna anayezuia mahindi kuvuka. Ila msimu ujao wa masomo ukianza, Busitema na Alupe ziwe na tarehe ya mechi ya kwanza iliyoandikwa, na bei ya kiingilio ipangwe kwa shilingi zote mbili.